Faini hailipwi kwa namba ya mtu: ukiandikiwa kasi mbali na nyumbani

Mkulima wa Wema anapopakia maembe kwenye pikapu kwenda Mombasa, huwa ameshapiga hesabu ya kila kitu. Anajua bei ya mafuta, anajua vibarua wa kupakia watataka ngapi, na anajua kwamba maembe hayangoji mtu. Lakini kuna hesabu moja ambayo wengi wetu hatuipigi mpaka siku ya siku ifike. Ukisimamishwa Kilifi au Mtwapa, ukaambiwa ulikuwa unakimbia, utafanya nini? Na yule aliyebaki nyumbani, akipigiwa simu kwamba pesa zinatakiwa sasa hivi, atazituma wapi?

Sisi kazi yetu ni malipo ya simu. Hatusimamishi magari wala hatuendeshi mahakama. Ila pesa za barabarani zinapita kwenye simu, na zikishapotea, maswali huja kwetu. Ndiyo maana leo tunasema wazi msimamo wetu: faini halali ina karatasi, ina namba ya malipo ya serikali, na ina risiti. Haina namba ya mtu. Ukitajiwa namba ya mtu, ile si faini, hata kama aliyeitaja amevaa sare.

Tunajua kusema hivi ni rahisi ukiwa umekaa ofisini. Barabarani jua linawaka, mzigo unachemka, na mnunuzi wa Kongowea anapiga simu kila dakika tano. Kwa hiyo hatutaishia kwenye kuhubiri. Tutaeleza njia halali inavyokwenda hatua kwa hatua, inagharimu nini, na kwa nini tunaamini ndiyo njia ya bei nafuu hata kwa mtu anayetoka mbali kama Wema.

Kaunti si nchi nyingine

Wenzetu wa Marekani wana shida yao. Kila jimbo lina sheria yake ya barabara na mahakama zake. Dereva akiandikiwa faini jimbo la watu, anaweza kudhani akirudi kwao mambo yameisha. Hayaishi, kwa sababu majimbo mengi yamekubaliana kupashana habari, na ukipuuza faini ya ugenini, leseni yako ya nyumbani inaweza kusimamishwa.

Kwetu Kenya mambo ni mepesi kuliko hayo, ila watu hawajui. Tuna kaunti 47, lakini Sheria ya Trafiki ni moja, Sura ya 403, kutoka Vanga mpaka Moyale. Hakuna faini ya Kilifi na faini ya Tana River. Mtu akikwambia “huku kwetu bei ni hii,” jua kwamba sheria haina huku wala kule.

Hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kinga yako: haki ulizo nazo Garsen unazo Voi, unazo Makindu, unazo Nairobi. Upande wa pili ni onyo: hati ya kukamatwa iliyotolewa na hakimu inaweza kutekelezwa popote nchini. Ukiandikiwa tarehe ya mahakama Makindu, ukaamua kuivuka Tana na kunyamaza ukidhani Wema ni mbali, kesi haikusahau. Siku moja utakuwa Minjila unakunywa chai, na kosa dogo la kasi litakuwa limegeuka kuwa kosa la kutofika mahakamani.

Kwanza jua umeandikiwa nini

Watu wengi hulipa kwa sababu wameogopa, si kwa sababu wameelewa. Kabla ya pesa kutajwa, uliza maswali matatu kwa sauti ya upole: Afande, kosa ni gani? Nilikuwa kwenye kilomita ngapi? Hapa mwisho ni ngapi?

Ndani ya miji na vituo vya biashara, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Matatu, basi na lori mwisho wao ni 80 hata kwenye barabara kuu. Hapa ndipo madereva wa kwetu hunaswa. Kutoka Minjila kushuka Malindi barabara ni tambarare na imenyooka, mguu unazoea kukanyaga. Ukifika Gongoni ghafla umeingia kituo cha biashara, na kilomita 80 iliyokuwa sawa dakika mbili zilizopita sasa ni kosa. Kuanzia Matsangoni kuteremka mpaka Mtwapa, vituo vinafuatana kama shanga.

Omba pia kuona kipimo. Sheria yenyewe inasema mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la kasi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake kwamba “huyu alikuwa anakimbia.” Kama kuna mashine, iwe na namba na muda, na iwe imepima gari lako. Kuomba kuona si ukaidi. Lakini usibishane, usirekodi kwa fujo, na usimtukane mtu. Heshima haikupunguzii haki yako hata chembe, na mara nyingi ndiyo inayoituliza hali.

Halafu kuna viwango vya faini vinavyofaa kukaririwa. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za 2016 zilipanga hivi: ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5, ni onyo tu. Kilomita 6 hadi 10, shilingi 500. Kilomita 11 hadi 15, shilingi 3,000. Kilomita 16 hadi 20, shilingi 10,000. Ukipita hapo, ni mahakama. Utekelezaji wa faini hizi za papo kwa papo umekuwa wa kusuasua, na wengi bado hupelekwa mbele ya hakimu. Hata hivyo ukiwa na namba hizi kichwani hutatishika kirahisi. Dereva aliyezidisha kilomita 8, akaambiwa “hii ni elfu hamsini au ulale ndani,” atajua palepale kwamba kuna kitu hakiko sawa.

“Lala ndani” ni neno la kutisha, na lina mipaka

Tuseme wazi: kinachomfanya mtu wa mbali atoe pesa haraka si faini. Ni hofu ya kulala ndani mahali asipojuana na mtu. Wa mjini atapiga simu, shemeji atakuja na pikipiki. Wa Wema akiwa Mtito Andei atamwita nani?

Ndiyo maana Kifungu cha 49 cha Katiba ni rafiki wa msafiri. Kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, basi ni siku ya kazi inayofuata. Kinasema pia una haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi. Na kinaongeza jambo ambalo madereva wengi hawajawahi kulisikia: kama adhabu ya kosa lako ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, hupaswi kuwekwa rumande kwa kosa hilo. Kwa hiyo swali la nne la kumuuliza afande ni hili: nashtakiwa chini ya kifungu gani cha sheria?

Kwenye kituo cha polisi unaweza kuachiliwa kwa dhamana ya maandishi, ambayo haina malipo yoyote, au kwa dhamana ya pesa. Dhamana ya pesa si faini. Ni amana yako, umeiweka ili urudi. Lazima upewe risiti yenye jina lako, kiasi na tarehe. Kesi ikiisha, pesa hiyo ni yako kuidai, au unaweza kuomba mahakama iitumie kulipia faini, kisha urudishiwe kinachobaki. Bila ile risiti hutakuwa na cha kudai, na tumeona watu wakifanya karatasi hiyo ni takataka. Ukishapewa, ipige picha palepale, uitume kwa mtu mmoja wa nyumbani. Karatasi inaloa na simu inaibiwa. Vyote viwili kupotea siku moja ni nadra.

Si lazima urudi kilomita 500

Hapa ndipo penye uzito. Kutoka Wema mpaka Makindu, kwa kupitia Malindi na Mombasa, ni zaidi ya kilomita 500. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, na siku mbili tatu bila kazi. Kwa kosa la faini ya elfu tatu, safari yenyewe inaishinda faini. Na hii ndiyo hoja inayotumiwa kukutoa pesa: “Utarudi huku mara ngapi? Si tumalize hapa tu?”

Jibu ni kwamba sheria ilishafikiria mtu kama wewe. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu aliyetoa samansi kuondoa ulazima wa mshtakiwa kufika mwenyewe, ikiwa amekiri kosa kwa maandishi au amewakilishwa na wakili. Na kwa makosa ambayo adhabu yake ni faini pekee, kifungu hicho kinamtaka hakimu afanye hivyo. Hakimu bado anaweza kukuita akiona haja. Lakini mlango upo, na haugongwi kwa sababu watu hawajui kama kuna mlango.

Kwa hiyo, kama ni kweli ulikimbia na huna la kubisha, mwambie afande kwa upole kwamba unatoka mbali na ungependa kukiri kwa maandishi. Andika namba ya simu ya mahakama utakayopelekwa, piga kwa karani asubuhi yake, uliza utaratibu wao. Uliza pia kama kesi yako inaweza kusikilizwa kwa njia ya mtandao, maana tangu 2020 Mahakama za Kenya zimekuwa zikisikiliza mashauri mengi namna hiyo. Na faini ikikushinda kulipa kwa mara moja, mwombe hakimu muda. Kuomba muda kwa hakimu kuna faida kuliko kukimbilia mkopo wa simu wenye ada inayokua kila siku.

Na kama hukukimbia? Basi usikiri. Kukiri kosa ambalo hukufanya ili uwahi soko ni kujiandikia rekodi. Sema hukubali, chukua tarehe, na ujiandae kurudi au kutuma wakili. Ni gharama, hatukatai. Uamuzi huo ni wako, na unapaswa kuufanya ukiwa umepewa ukweli wote.

Malipo yenyewe: angalia mambo manne

Sasa tumefika kwenye shamba letu wenyewe. Malipo ya huduma za serikali nchini hupitia eCitizen, na namba yake ya Paybill ni 222222. Mahakama ikishatoa faini, hutolewa namba ya kumbukumbu ya kesi yako. Hiyo ndiyo unayoiandika kwenye sehemu ya akaunti.

Kabla hujabonyeza namba ya siri, angalia mambo manne:

1. Umeingia kwenye menyu ya Lipa Bili, si Tuma Pesa. Ukijikuta uko kwenye Tuma Pesa, simama.

2. Namba ya kumbukumbu umeisoma kutoka kwenye karatasi au kwenye ujumbe rasmi, si kutoka mdomoni mwa mtu. Herufi O na sifuri zinafanana. Linganisha mara mbili.

3. Jina linalotokea kwenye skrini ni la taasisi. Likitokea jina la mtu, au la duka la vifaa vya ujenzi, ghairi.

4. Kiasi kinalingana na kilichoandikwa. Shilingi 3,000 ni 3,000, haiwi “3,000 na ya kutolea.”

Ukishalipa, utapata ujumbe wenye msimbo wa muamala. Usiufute. Mpe karani aone, uombe risiti ya mahakama. Ule ujumbe unaonyesha pesa imetoka kwako, na risiti inaonyesha kesi imefungwa. Unahitaji vyote viwili.

Na hapa kuna jambo ambalo tunatamani kila familia ya Wema, Hewani na Kulesa ilijue: kulipa bili hakuhitaji uwe pale. Dereva akiwa amesimama mbele ya karani Makindu, mama yake anaweza kulipa faini kutoka kibarazani kwake Wema, kwa namba ileile ya Paybill na kumbukumbu ileile ya kesi. Pesa haipiti mkononi mwa mtu yeyote njiani. Kwa miaka mingi tangu pesa za simu zianze nchini, Machi 2007, tumezoea kwamba simu ni ya kumtumia mtu. Kumbe kwa mambo ya serikali uzuri wake ni kwamba unaweza kulipa bila kumtumia mtu.

“Lakini kitu kidogo ni rahisi”

Tumeshawasikia. Watu wa busara kabisa, wazee wa kanisa na wa msikiti, wanatuambia: “Nyinyi mnasema vizuri, lakini mia mbili inaniokoa siku nzima.” Hatutawaita wajinga. Tutawapigia hesabu.

Kwanza, mia mbili haikai mia mbili. Ni ya kizuizi hiki. Kati ya Garsen na Mombasa kuna vizuizi kadhaa, na dereva anayejulikana kuwa hutoa hufahamika haraka kama lori lenye rangi ya pekee. Hakuna risiti ya kumwonyesha wa mbele kwamba umeshalipa nyuma. Faini ukiilipa mara moja imekwisha.

Pili, Sheria ya Hongo ya 2016 haimuadhibu anayepokea peke yake. Anayetoa naye ana kosa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Kosa la kasi la shilingi 500 umelibadilisha kwa kosa la jinai. Hiyo ni biashara ya hasara popote duniani.

Tatu, ukituma kwa simu umeandika ushahidi dhidi yako mwenyewe, wenye tarehe, saa, jina na kiasi. Wengine wanadhani wakituma kwa namba ya muuza soda wa karibu, au ya duka jirani, wamejificha. Hawajajificha. Muamala una rekodi ileile.

Nne, na hili ni letu: pesa uliyoituma mwenyewe, kwa hiari, kwa namba uliyoikusudia, si muamala uliokosewa. Utaratibu wa kurudisha pesa upo kwa ajili ya aliyekosea tarakimu. Haukuwekwa kwa ajili ya aliyetuma kisha akajuta.

Hatusemi haya kuwachafua askari. Wako wengi wanaofanya kazi yao juani kwa uadilifu, na hao ndio wa kwanza kufurahi dereva akisema, “Niandikie, afande.” Neno hilo moja linatosha kuwatenganisha wawili. Mwenye nia safi ataandika. Mwenye nia nyingine mara nyingi atakuambia nenda zako. Ukilazimishwa kutoa, andika mahali, saa na namba ya kazi ya askari, kisha ukiwa salama piga ripoti: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi wana namba ya bure 1551, na mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, IPOA, wana 1559.

Kwa aliyebaki nyumbani

Mara nyingi anayetuma pesa si dereva. Ni mke, ni mama, ni mwenye gari. Simu inalia, sauti inasema, “Mwanao ameshikwa na trafiki, tuma elfu nane kwa namba hii haraka kabla hajapelekwa ndani.” Moyo unaruka, na vidole vinafanya kazi kabla ya akili.

Matapeli wanaijua sana hofu hiyo. Kanuni ya nyumbani iwe moja: hatutumi kwa namba tuliyosomewa na mtu tusiyemjua. Mpigie dereva mwenyewe kwa namba yake. Hapatikani? Mpigie utingo, au mtu aliyeandamana naye. Kama ni kweli ameshikwa, uliza ni kituo gani na kosa gani. Dhamana ya pesa ikihitajika, tuma kwenye laini ya dereva mwenyewe au ya ndugu unayemwamini, ailipe na achukue risiti. Faini ya mahakama, ilipe wewe mwenyewe kwa Paybill ya serikali. Mkubaliane pia neno la siri la familia kabla ya safari, jina la ng'ombe wa zamani au la shamba la babu. Asiyelijua hapati kitu.

Kuna na ujumbe mfupi wa “una faini haijalipwa, bonyeza hapa.” Huko Marekani ujumbe wa namna hiyo, hasa wa ada za barabara, umewaliza wengi. Kwetu ukikufikia, usibonyeze kiungo. Andika mwenyewe anwani ya eCitizen kwenye simu yako, uingie, uangalie. Kama deni lipo kweli, litakuwa pale hata usipobonyeza.

Ukivuka Lunga Lunga

Wapo wateja wetu wanaokwenda Tanga na Dar kwa biashara au harusi. Ukishavuka Horohoro, sheria imebadilika kweli. Tanzania wana kilomita 50 kwenye makazi ya watu, na hawana mzaha nayo. Wenyewe husema “kupigwa tochi”: askari mmoja anapiga picha ya gari lako ikiwa na kasi iliyosomeka, anaituma kwa simu kwa mwenzake mbele, na wewe unasimamishwa baada ya mwendo, ukiwa umeshasahau kile kijiji. Faini ya kawaida kwa kosa moja la gari imekuwa shilingi 30,000 za kule, na hulipwa kwa namba maalumu ya malipo ya serikali inayotolewa kwa kosa lako. Deni hufuata namba ya gari na linaweza kutazamwa kwenye mtandao wa polisi wao.

Usitarajie laini yako ya Kenya kulipa namba hiyo moja kwa moja. Kabla ya kuondoka, panga utalipaje: laini ya kule iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, wakala, au benki. Kanuni yetu haibadiliki mpakani. Kule nako faini ina namba ya serikali na risiti, haina namba ya mtu.

Tunachowaomba wenye mamlaka

Hatutaki kumtwika mwananchi mzigo wote. Kama njia halali inahitaji kilomita 500 na siku tatu, na njia haramu inahitaji dakika mbili, basi wenye kupanga njia wana sehemu yao. Tunaomba mambo matatu. Kila karatasi ya kosa la trafiki itolewe barabarani ikiwa na namba ya malipo na simu ya mahakama husika. Kukiri kwa maandishi kuwe na fomu fupi ya Kiswahili, iliyobandikwa kila kituo cha polisi na kila mahakama. Na aliyeandikiwa Makindu aweze kupeleka fomu yake kwenye mahakama ya Garsen, ipelekwe kwa mtandao, amalize kesi yake bila kulala njiani. Teknolojia ya kulipa kutoka mbali ipo tayari, na anayelipa kutoka Wema anajua hivyo kila siku. Kilichobaki ni utaratibu umfikie alipo.

Na mguu wako

Mwisho, tusijifanye kwamba shida yote ni karatasi. Zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya kila mwaka, na kasi ni miongoni mwa sababu kuu. Barabara ya Garsen kwenda Lamu, tangu ilipowekwa lami, imetufupishia safari, lakini ng'ombe wa Waorma bado wanaivuka jioni kama walivyoivuka siku zote, na watoto wa Gamba bado wanatembea pembeni yake kwenda shule. Ng'ombe hajui kibao cha 80. Maembe yakichelewa saa moja, utapoteza kreti mbili. Ukimgonga mtoto wa watu, hakuna Paybill ya kulipia.

Kwa hiyo punguza mwendo ukiona paa la kwanza la mabati. Weka kwenye simu picha ya leseni, ya bima na ya viwango vya faini tulivyotaja. Acha salio kidogo la dharura ambalo hutaligusa kwa soda. Waambie wa nyumbani neno la siri. Na siku ukisimamishwa mbali, ukaulizwa “sasa tunafanyaje?”, jibu lako liwe fupi na la adabu: niandikie, afande, nitalipa kwa namba ya serikali.